Bibi alizika watoto watano na bado akashukuru: imani ya namna hiyo inarithiwaje?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Bibi yangu mzaa baba, Mlutheri wa Muleba mkoani Kagera, alifariki mwaka jana akiwa amevuka miaka tisini. Alizaa watoto saba akazika watano, wanne kati yao kati ya mwaka 1987 na 1996, kisha akatulea sisi wajukuu. Akiwa jikoni aliimba Tukutendereza, na kila jioni kabla ya kula alisali, akianza na shukrani. Ameacha Biblia iliyochakaa na kaunta buku lenye tarehe na shukrani za mstari mmoja mmoja. Siku ya mazishi ya baba yangu aliandika: "Asante kwa waliochimba." Nashindwa kuelewa. Alishukuru kweli, au alikuwa amejizoesha tu kutolia? Mimi nipo Dar es Salaam, kanisani naenda nikipata nafasi, na wanangu watatu hawajui kusali. Imani kama yake inarithiwaje? Baba mdogo anataka tumjengee kaburi la marumaru na kufanya ibada kubwa ya shukrani. Shangazi, ambaye bado anaishi kwenye kibanja cha bibi, yaani shamba lake la migomba, hataki. Na Biblia na daftari vikae na nani?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Kumpoteza bibi aliyekulea ni kufiwa na mama, hata kama watu wanakwambia kwamba alikula chumvi nyingi.

Nianze na ule mstari wa daftari. Bibi yako hakuandika kwamba anashukuru kwa kifo cha mwanawe, wala hakuandika kwamba yote yalikuwa mapenzi ya Mungu. Aliandika asante kwa waliochimba. Mama aliyetoka kumzika mtoto aliipitia siku ile yote, akatafuta ndani yake jambo ambalo angeweza kulishukuru bila kusema uongo, akalipata: watu waliokuja na majembe. Mtu aliyejizoesha tu kutolia asingehangaika hivyo. Angeandika maneno ya jumla, yale tunayoyasema sote midomo ikienda yenyewe, akafunga daftari akalala. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hili: alishukuru kweli, na nina hakika alilia pia. Daftari halikuandikiwa machozi, lakini mstari kama ule hauandikwi na mtu asiyeyajua.

Tena kumbuka ilikuwa miaka gani. Hukuniambia wale watoto waliugua nini, nami sikuulizi. Lakini wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa kwenu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivuka mpaka kutoka Uganda wakati ule. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kwa miaka ishirini na zaidi katikati hapo, kijiji kiliweza kuzika asubuhi na kusikia kilio kingine kabla majembe hayajaoshwa. Zilikuwepo nyumba ambazo jirani aliishia uani, akiogopa hata kupokea kikombe cha maji. Kila familia iliyofiwa miaka ile, kwa ugonjwa wowote, ilifiwa katikati ya hofu hiyo na uchovu huo. Basi waliochimba hawakuwa jambo dogo. Bibi yako aliona gharama waliyoilipa, akaiandika ili isipotee.

Ukitaka kujua Biblia ina nafasi gani kwa mwanamke kama yeye, soma Kitabu cha Ruthu, lakini safari hii mfuate Naomi. Sisi wahubiri tumezoea kumhubiri Ruthu, hasa kwenye harusi, na Naomi tunampita kama mama mkwe tu. Naomi aliondoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa, akamzika mume huko Moabu, akawazika na wanawe wote wawili. Aliporudi, wanawake wa mji wakashangaa kama kweli ni yeye, naye akawaambia wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amemtenda mambo machungu sana. Alisema hivyo hadharani, mbele ya mji mzima. Katika sura zote nne hakuna anayemkemea kwa maneno yale, si Boazi aliyemwoa Ruthu, si majirani, wala Mungu. Kitabu kinamalizika akiwa amempakata mjukuu kifuani na kuwa mlezi wake, na wanaomhimidi Bwana kwa sauti pale ni wanawake majirani. Naomi mwenyewe hatusikii akisema neno. Yule mtoto, Obedi, alikuja kuwa babu yake Daudi.

Kagera ya miaka ya 1990 ilijaa akina Naomi. Wanawake wa miaka sitini, ambao kwa mila walipaswa kuletewa chakula, walirudi shambani na jembe, wakarudi kutafuta ada za shule, wakarudi kuamka usiku kwa mtoto mwenye homa. Wengi wao walibeba uchungu na shukrani kwa pamoja, na sioni kwamba kimoja kilikifuta kingine. Ndiyo maana huwa naumia sana ninaposikia mhubiri akiwa kaburini akiwaambia wafiwa wanyamaze kwa sababu Paulo ameagiza tushukuru kwa kila jambo. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, naye alijua atamfufua. Ikiwa kuna siku ndani ya daftari ambazo bibi hakuandika kitu, usizione kama pengo katika imani yake. Nenda kazipatanishe na tarehe za misiba, huenda ukaona hata kunyamaza kwake kulikuwa sala.

Sasa, alijifunza wapi kushukuru kwa namna ile? Kwa umri ulioutaja, alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Miaka hiyohiyo Uamsho, lile vuguvugu la toba na ushuhuda, ulikuwa unawaka Gahini, Rwanda, na Uganda, na mwishoni mwa muongo ule ukavuka kuingia Buhaya, nchi ya Wahaya. Tukutendereza aliyokuwa akiimba jikoni ni wimbo wa Kiganda wa watu wa Uamsho huo, Walokole, yaani waliookoka, na uliimbwa na watu wa makabila mengi bila kutafsiriwa. Kanisa la kwenu lilishazoea kupokea kutoka upande ule. Wahaya wa kwanza wa Kiprotestanti walisoma Injili kwa Kiganda kabla wamisionari wa shirika la Betheli hawajafika kutoka Ujerumani mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, Wakristo wenyeji ndio waliobaki na makusanyiko yao. Imani aliyolelewa bibi yako ilikuwa ya watu waliozoea kuishika wenyewe, wakisomeana na kushuhudiana majumbani.

Wana Uamsho walikutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao na kutembea nuruni, kama walivyosema wenyewe. Aliyeiba mkungu wa ndizi aliutaja, akaenda kumlipa mwenyewe. Aliyemchukia wifi yake alimtaja mbele yake. Walikuwa na ukali wao, nisiufiche: waliwahukumu wengine haraka, na zipo sharika zilizogawanyika kwa sababu hiyo. Lakini walifanya jambo moja ambalo bado nalistaajabia. Mwanamke ambaye kwenye kikao cha ukoo asingepewa nafasi ya kusema, pale alisimama na kueleza Mungu amemtendea nini wiki ile, na wanaume walimsikiliza hadi mwisho. Ushuhuda wa namna hiyo haukuruhusu maneno ya juujuu. Ukisema Bwana amenisaidia, wenzako walitaka kujua amekusaidia nini, siku gani, kupitia kwa nani. Naamini kaunta buku la bibi yako limetoka huko. Aliendelea kutoa ushuhuda wake kila jioni, mezani na kwenye karatasi, hata pale wenzake wa ushirika walipokuwa wamekufa wote.

Swali lako kubwa ni urithi. Fikiria kwanza mwanamke wa umri wake kule kwenu angeweza kurithisha nini. Kwa mila ya Kihaya kibanja ni cha ukoo, na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini likamnyima haki ya kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika kesi iliyotoka kwenu kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake anaweza kuliuza sawa na mwanamume. Uamuzi huo ulikuja bibi yako akiwa na miaka karibu sitini. Sehemu kubwa ya maisha yake alilima ardhi ambayo hakuwa na neno juu yake. Alichokuwa nacho kikamilifu, ambacho hakuna kikao cha ukoo kingeweza kumnyang'anya wala kumgawia, ni yale aliyowatamkia ninyi kabla ya kula. Akakitoa chote.

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba imani aliyo nayo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, kisha ndani ya mama yake Eunike, naye Paulo anasadiki sasa imo ndani yake. Watu huusoma mstari huo kana kwamba imani inateremka katika damu. Soma na Matendo 16 uone hali ya ile nyumba. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hasemi popote kwamba aliamini. Kijana hakuwa hata ametahiriwa. Ilikuwa nyumba iliyochanganyika, na bado barua ileile inasema Timotheo aliyajua Maandiko Matakatifu tangu utoto. Kuna mtu alimkalisha chini akamfundisha, tena na tena. Hilo ndilo lililoteremka. Imani yenyewe Mungu humpa kila mtu kwa wakati wake, na bibi hawezi kumwamini Mungu kwa niaba yako. Lakini anaweza kukuachia mazoea ya meza, maneno ya kuanzia, na kumbukumbu ya mtu mmoja uliyemwona kwa macho yako akimwamini Mungu siku mbaya. Hayo unayo tayari. Hujapoteza urithi, binti yangu. Hujaanza kuutumia tu.

Kwa hiyo usianze kwa kujaribu kuwa bibi. Wanao watagundua haraka kwamba mama anaigiza. Anza na chakula cha jioni, siku mnazokuwa wote nyumbani, na kabla ya kula kila mmoja ataje jambo moja la siku ile analolishukuru, lenye jina la mtu au kitu ndani yake. Usikubali "asante kwa kila kitu". Mtoto akisema anashukuru kwa sababu kondakta alimrudishia chenji yake, hiyo ni sala, pokea. Akisema leo hana, mwache, usimlazimishe wala usimhubirie. Sema ya kwako uendelee. Kisha mmoja afunge kwa Baba Yetu. Ukimaliza kwa dakika tatu inatosha. Mara mojamoja wasomee mstari wa bibi, na uwaeleze siku ile ilikuwaje, pamoja na yaliyouma. Kumwambia mtoto wa miaka kumi kwamba babu yake alikufa kijana, na kwamba bibi mkubwa alilia na kushukuru siku ileile, hakumwumizi kama tunavyodhani. Kunamwandaa.

Nawe mwenyewe ukisimama mbele ya mstari usioweza kuusema kwa dhati, usiuseme. Zaburi ya 103 inaanza mtu akiiambia nafsi yake: "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Aliyeandika hivyo alijua nafsi yake ina tabia ya kusahau na inahitaji kukumbushwa na mwenyewe. Kukumbuka unaweza hata siku ambayo imani imepungua. Anza na hilo.

Ila kuna jambo moja ambalo sitalilainisha. Umesema unaenda kanisani ukipata nafasi. Bibi yako hakuishika imani peke yake jikoni. Alikuwa na ushirika, na miaka ile ya misiba ushirika huo ndio uliokuja na kuni, maji na majembe. Ukitaka shukrani yake bila watu wake, utabaki na kumbukumbu nzuri ambayo haitafika kwa wajukuu zako. Tafuta jumuiya ya mtaa wenu, ile inayosali nyumba kwa nyumba, uingie na watoto. Utakuta watu wanaochosha, wanaoimba nje ya sauti, wanaochelewa. Nenda tu. Hata wale wa bibi hawakuwa malaika.

Kuhusu kaburi na ibada, baba yako mdogo anaomboleza mama yake, usimchukulie kama mtu wa majivuno. Kulisakafia kaburi na kuweka msalaba wenye jina ni heshima, fanyeni. Lakini mimi nipo upande wa shangazi kuhusu ukubwa wa shughuli. Nimeona ibada za shukrani ambazo wiki mbili kabla yake ndugu wanapigiwa simu za michango kama wadaiwa, watu wanakopa ili washone sare, mpiga video analipwa zaidi ya fundi wa kaburi, na mjane wa marehemu anabaki na madeni. Sidhani Mungu anashukuriwa hapo.

Tazama sadaka ya shukrani iliyoagizwa katika Kumbukumbu la Torati 26. Mwisraeli anatia malimbuko ya shamba lake kapuni, anakwenda nayo mbele za Bwana, na pale anasimulia: baba yangu alikuwa Mwarami aliyekuwa karibu na kupotea, akashuka Misri, wakatutenda vibaya, tukalia, Bwana akasikia. Simulizi lina njaa na mateso ndani yake, halikusafishwa. Kisha anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kwake. Kapu, simulizi, na chakula kwa asiye na shamba. Nyumbani kwenu mna sikukuu ya mavuno tayari, na mnada wake nje ya kanisa baada ya ibada. Pelekeni mkungu mkubwa wa ndizi kutoka kibanja cha bibi, na kahawa, na kuku. Mwombeni mchungaji wa usharika dakika chache, mjukuu mmoja asome mistari michache ya daftari mbele ya watu waliomjua. Ununueni mkungu ule wenyewe kwa bei nzuri, mle pamoja na majirani. Halafu mwulizeni shangazi ni akina nani walichimba siku ile. Walio hai sasa ni wazee. Waiteni waketi mahali pa heshima, mwaambie kilichoandikwa juu yao. Fedha ambayo baba mdogo alitenga kwa marumaru inaweza kumlipia ada mtoto mmoja asiye na wazazi pale kijijini, na sidhani kuna jambo lingemfurahisha zaidi mwanamke aliyelea yatima.

Na kabla ya ibada yoyote, kaeni kama ukoo mhakikishe shangazi hasumbuliwi kwenye kibanja kile. Ikiwezekana liandikwe, lishuhudiwe na viongozi wa kijiji. Nimeona familia zikimwimbia marehemu mama yao kwa sauti tamu, na mwaka haujaisha binti yake ameondolewa kwenye nyumba aliyomuuguzia. Baba mdogo akitaka kumshukuru mama yake, hapo ndipo pa kuanzia.

Biblia ibaki kwa shangazi maadamu yu hai. Baada yake apewe mjukuu anayesoma Biblia, awe mkubwa au mdogo, wa kike au wa kiume. Msiifungie kabatini. Daftari nalo lipigeni picha kurasa zote mapema, mchana, karibu na dirisha, kwa sababu mchwa na unyevu wa Muleba havingoji vikao. Msilifunike kwa plastiki ya kubandika, itaharibu karatasi. Kisha kaa na shangazi mpitie ukurasa kwa ukurasa, uandike pembeni, kwenye nakala, majina ambayo yeye tu ndiye anayajua. Mtakuta mistari inayowagusa watu walio hai: deni lililosamehewa, mume aliyerudi nyumbani, binti aliyepona jambo ambalo halikutangazwa. Bibi aliyaandika hayo kwa Mungu, hakuyaandika kwa ukoo. Kurasa za namna hiyo zibaki kwa shangazi, zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la familia.